Bi Mwantum na Redio Isiyoogopa Mvua

Tarehe 30 Juni 1984, Bi Mwantum Husseni atafunga kwa mara ya mwisho dirisha la malalamiko la Duka la Ushirika hapa Tukuyu, baada ya kulikalia kwa zaidi ya miaka ishirini na miwili. Alianza kazi mwezi mmoja kabla ya Uhuru, na wapo wanaodai kwamba mkoloni aliharakisha kuondoka aliposikia nani ameajiriwa.

Alizaliwa Msasani ya hapahapa Tukuyu, binti wa mfua bati aliyetoka pwani. Alifiwa na mumewe mapema, akalea watoto wanne kwa mshahara wa dirisha hilo. Aliyekuja kurudisha ndoo iliyouzwa na tundu aliondoka na ndoo nzima. Aliyekuja na ndoo aliyoitoboa mwenyewe aliondoka na ndoo ileile, pamoja na mawaidha.

Lakini kinachofanya jina lake litajwe mpaka kijijini Ikuti ni vita vya redio vya mwaka 1966. Wakati ule redio zote wilayani zilitoka kampuni moja, Kimondo, na betri vilevile. Mabango yao yalisema: "Kimondo haiogopi mvua." Hapa kwetu, ambako jua likitoka watu huulizana kuna nini, redio zilianza kukohoa, kisha zikanyamaza kabisa.

Wa kwanza kufika dirishani alikuwa Mzee Ambilikile, mkulima wa Ikuti aliyenunua redio kwa kahawa ya msimu mzima ili majirani wasikilize habari kwake.

"Bado wanakuja jioni," alisema. "Tunaiangalia tu, tumekaa kama msibani."

Bi Mwantum akaidai kampuni maelezo. Kampuni ikajibu kwa bango jipya: redio ni nzima, tatizo ni moshi wa majiko ya wakulima wasiojua mitambo. Maneno hayo yalimchoma. Siku ya gulio alisimama sokoni, akawasomea watu bango lile kwa sauti ambayo haijawahi kuhitaji kipaza sauti, akawaomba wasinunue Kimondo hata moja mpaka wenyewe waje wajieleze.

Kampuni ikatishia kulinyima duka redio na betri. Meneja wa duka alimsihi anyamaze. Baadaye Bi Mwantum alituambia kwamba siku zile alikuwa akiwaza wanawe watakula nini akifukuzwa. Hata hivyo, hakunyamaza.

Mwishowe akaja msemaji wa kampuni, Bwana Jotham, na suti nyeupe na gari la matangazo. Aliweka redio juu ya meza uwanjani, ikaimba vizuri mno, akaanza kufafanua habari za moshi. Mvua ikashuka. Bwana Jotham, bila kufikiri, akafungua mwavuli wake na kuifunika redio, huku suti ikilowa.

Bi Mwantum akauliza kwa upole, "Bwana Jotham, mwavuli huo unauzwa pamoja na redio, au tukatafute wetu?"

Watu walicheka huku wakinyeshewa. Hakuna aliyekimbilia barazani. Bwana Jotham naye akacheka, na tangu hapo tukampenda. Wakubwa wake hawakucheka. Walijaribu kwanza kugawa miavuli ya bure yenye jina la kampuni. Watu waliipokea kwa shukrani, wakajifunika nayo kuja dirishani kudai redio. Kabla ya mavuno yaliyofuata, redio zote mbovu zilibadilishwa, mpya zikaja na kasha lisilopitisha maji, na bango la moshi likabanduliwa. Mzee Ambilikile alileta mkungu wa ndizi, akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Bi Mwantum akaukagua ndizi kwa ndizi, kisha akaupokea kwa mikono miwili.

Sasa anahamia kijijini Masoko kwa dada yake, Bi Saada, kulima migomba. Cherehani tuliyomnunulia kuwa zawadi ya kumuaga ameirudisha mara mbili. Ya tatu ameikubali juzi, baada ya kuishonea gauni zima mbele ya kamati yetu ya kumuaga.

Asante, Bi Mwantum, kwa kutusemea sote. Kapumzike salama, shamba likustawie, afya isikuache. Wafanyabiashara wa Masoko nao tunawaombea subira.