Mama Mwelu Anaenda Kwa Barafu

Benchi letu liko nyuma ya soko la Jericho, kando ya jiko la Halimo, muuza kahawa ya tangawizi. Hapo tunakaa watatu kila Jumamosi: mimi, fundi viatu; Siyad, muuza blanketi kwa jumla; na Maingi, aliyeendesha malori mpaka Lubumbashi. Maingi tunamwita Breki kwa sababu akianza kuongea hana. Jumamosi hiyo jua lilikuwa linachoma mabati. Mama Mwelu, karani mstaafu anayeishi mlango wa tatu kutoka kwangu, akatokea amevaa jaketi nene linalofika magotini.

— Mama Mwelu, unaumwa? Halimo akauliza.

— Niko sawa kabisa. Nalijaribu. Desemba naenda Antaktika.

Breki akaweka kikombe chini.

— Hiyo iko upande gani wa Kitengela?

— Iko chini kabisa ya dunia. Unafika Ajentina, unapanda meli ya watalii, unavuka bahari, unakuta barafu.

Hapo tukaelewa. Mwelu, binti yake wa pekee, anaoka mikate kwa hizo meli. Amepewa nafasi ya kumbeba mzazi safari moja, na mama amekubali kabla hajamaliza kuulizwa.

— Kina mama wa kanisa wanasema nitakufa na baridi, akaendelea. Daktari amenipima, amesema moyo uko imara. Nimemsikia daktari.

— Basi tupange hii safari vizuri, Breki akasema, kana kwamba tiketi ni yake. Baridi naijua mimi. Dawa yake ni magazeti. Unavaa mawili kifuani, moja mgongoni.

— Atembee kwa meli ya wazungu akilia kwaru-kwaru kama pakiti ya krispi? Siyad akacheka. Mama, nitakupa blanketi zangu mbili, uzishone pamoja. Na ukianguka majini, zinaelea.

— Zinaelea wapi? Halimo akaruka. Yangu ilizama kwa beseni!

— Wewe uliifua na maji moto.

— Na wale dubu weupe? Breki akauliza.

— Dubu wako kaskazini, Mama Mwelu akasema. Mimi naenda kusini. Kusini ni pengwini.

— Hao ndio hatari sasa! Dubu anakuja peke yake, unamwona. Pengwini wanakuja elfu nzima, wote wamevaa suti, kama wageni wa mheshimiwa. Utajuaje nani ndiye mkubwa wao?

Mama Mwelu akacheka mpaka akafungua zipu. Akatuambia Desemba huko usiku karibu haupo, jua linazunguka tu pembeni. Siyad akawa makini ghafla.

— Sasa nikienda mimi, Magharibi nitaiswali saa ngapi?

— Utamuuliza sheikh, Halimo akasema. Usimuulize Breki.

Lakini Breki alikuwa ameshafika mbali.

— Sikizeni, manze. Mahali hakuna usiku, mwizi atafanya kazi saa ngapi? Na barafu ni maji. Tunanunua ploti huko, sisi wote. Asubuhi unakata kipande cha ukuta, unaweka kwa sufuria, unaoga. Hakuna mitungi, hakuna kungoja mfereji siku ya Alhamisi. Siyad anafungua duka la blanketi, Halimo anauza kahawa kwa watalii. Jericho Mpya!

— Na ukikata ukuta kila asubuhi, nikamuuliza, nyumba itabaki?

— Unajenga kubwa.

Tukacheka wote. Ambaro, binamu yake Halimo aliyefika wiki hiyo kutoka Garissa, alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya tangawizi. Akainua kichwa.

— Samahani, mama. Huyo Mwelu mwenyewe, kwa nini harudi nyumbani?

Kicheko kikaisha. Breki akanitazama, nami nikatazama kiatu mkononi. Miaka minne Mwelu hajakanyaga hapa. Baba yake alipozikwa kwao, mjini Wote, tulimwona kwa simu tu, binamu yake ameiinua juu ya kaburi. Sisi wote tulikuwepo. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Mama Mwelu hakukasirika.

— Sijui, mwanangu. Nikimuuliza, anasema mtandao ni mbaya, halafu anakata. Simu ni rahisi kukata. Lakini kwa meli, barafu kila upande, ataenda wapi?

— Na akikataa kusema?

— Nitakula mikate yake nikingoja.

Akamaliza kahawa, akafunga zipu mpaka kidevuni, akaenda zake katikati ya soko, watu wakimpisha na kumshangaa.

Desemba ilipofika aliondoka kweli. Breki ndiye aliyembebea sanduku mpaka kwa teksi. Wiki kadhaa baadaye picha ikaingia kwa simu ya Halimo, tukaisongea vichwa vimegusana. Nyuma kuna mlima mweupe umesimama ndani ya maji. Mbele yuko Mwelu, amekonda, macho mekundu, bado na aproni ya kazi. Mama yake hatazami kamera wala mlima. Ameshika mkono wa Mwelu juu ya kiwiko, ameubana vile unavyombana mtoto mkivuka Jogoo Road.