Chembe za Binti wa Mama Editha

Basi dogo la Kosta lilipotoka Misigiri, mwalimu Miraji aliitambua sauti ya mama aliyeketi mbele yake, akajifanya kusinzia. Alikuwa mama yake Editha. Miraji na Editha walisoma fizikia darasa moja, Miraji akishika nafasi ya kwanza na Editha ya pili.

“Mwanangu yuko Ncha ya Kusini ya dunia,” mama alikuwa akimweleza mzee wasiyejuana naye. “Wamefukia vyombo chini kabisa ya barafu, wananasa chembe zinazotoka mbali kuliko nyota. Zinaitwa nyutrino.”

“Zina ukubwa gani?”

“Hazionekani, mzee wangu. Hata sasa hivi zinakupita mwilini, zinatokea upande wa pili wa dunia.”

Mzee alicheka mpaka akakohoa. “Binti yako ana kazi nyingine huko, mama. Anaona haya kukwambia.”

Mama alijaribu kueleza tena, maneno yakamwishia. Miraji alikuwa nayo yote. Alikuwa amesoma kila habari ya mradi ule kwenye simu, akitafuta jina la Editha na kuumia kila alipolikuta. Neno lake moja lingetosha. Badala yake alimsikiliza mzee akicheka, na moyo wake ukapoa kidogo.

Stendi ya Singida mzee alishuka wa kwanza, bado anatikisa kichwa.

“Shikamoo, mama,” Miraji akasema hatimaye. “Ni kweli. Zinapita.”

Mama akageuka. “Miraji? Kumbe ulikuwa unasikia muda wote huo?”