Mshika Ufunguo wa Kabati la Tuzo

Mimi ni mdogo wa kike wa marehemu. Nimepewa kusoma wasifu wake kwa sababu sijalia tangu Jumanne, na ndugu wamesema sauti yangu haitakatika.

Marehemu kaka yetu, ambaye jina lake mmeliona kwenye jalada la ratiba hii, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, kifungua mimba wa baba yetu fundi viatu na mama yetu mkunga. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha chuo cha ufundi, akahitimu fundi umeme mwaka 1987. Kila redio iliyoingia nyumbani aliifungua. Akishaifunga tena, skrubu mbili tatu zilibaki mezani, na redio iliimba vilevile.

Mwaka 1990 aliajiriwa fundi wa maabara katika idara ya sayansi ya kompyuta, chuo kikuu. Idara ilijizolea sifa: kombe la mashindano ya wanafunzi mwaka 1999, tuzo ya utafiti 2008, medali ya programu ya kupanga foleni za zahanati 2016. Zote zilikaa kwenye kabati la vioo pale mlangoni. Ufunguo alipewa yeye, kwa kuwa ndiye aliyewahi kufika kuliko wote. Kila Ijumaa alizifuta vumbi kwa kipande cha flana.

Ule mwaka wa tuzo ya utafiti, dari la chumba cha mitambo lilivuja. Marehemu alivua koti lake la mvua, akaifunika mashine iliyohifadhi utafiti, akasimama na ndoo mpaka mafundi wa paa walipofika. Utafiti ukapona. Cheti kikatoka na majina tisa, lake halimo. Nilimwambia akadai. Akacheka: "Wee! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Lakini siku moja nilimpitia kazini nikamkuta mbele ya kabati, kidole kwenye kioo, anasoma majina yale moja moja hadi la mwisho. Nilirudi nje nikajifanya ndiyo kwanza nafika.

Alifunga ndoa tarehe 16 Aprili 1994 na wifi yangu, mshonaji. Wifi alipenda kumchokoza: "Chanda chema huvikwa pete. Yako iko wapi, bwana?" Naye humwonyesha ya ndoa. "Kwani hii ni nini?"

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka huu. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wodi namba sita. Nilikuwa namkunjia shuka. Nikamaliza kuikunja.

Ameacha mjane, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu wawili, mdogo wetu wa mwisho, na mimi.

Alhamisi katibu wa idara alinipigia simu. "Pole sana, dada. Samahani, ule ufunguo wa kabati mnao? Jumatatu tuna wageni."

Tunao. Umo mkobani mwangu. Mkuu wa idara yumo kati yetu leo, na namwambia kwa heshima zote: leo siutoi. Jumatatu nitauleta mwenyewe. Nitafungua kabati, nitafuta vumbi, na ratiba hii nitaiweka rafu ya kati, jalada likitazama nje. Nikishafunga, nitamkabidhi ufunguo wake.

Kaka, kazi imekwisha. Pumzika kwa amani.