Kichwa Changu Kinafundisha Chuo Kikuu

Bwana asifiwe, wana Babati! Na wewe uliyepita sokoni ukisema mimi ni maiti inayosubiri kuchukuliwa, msifu na wewe. Kisha nisome vizuri. Nipo.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye ninayenunua mbaazi kuanzia Sigino mpaka Bonga. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni, leo nina ghala Nakwa na lori langu, na sikurithi hata jembe. Najivuna? Sawa, najivuna. Aliyenipa ni Bwana, nimfiche kwa nini?

Sasa ndugu zangu, mtu wa darasa la nne akifanikiwa hapa kwetu hakosi maneno. Walisema utajiri wangu ni wa masharti ya mganga, na kwamba siku moja mganga atataka malipo, nayo ni mimi mwenyewe. Nilikuwa nawacheka. Mpaka ugonjwa ukaja.

Ulianza na kichwa kuuma. Kisha ndala ya mguu wa kushoto ikawa inaniponyoka, mguu unaburuta. Nikasahau wateja wangu. Nikamwita mke wangu jina la marehemu mama yangu. Mtu mpole kama mimi (hapo msicheke) nikawa nafoka bila sababu. Basi maneno yakapata miguu: masharti yamemgeuka!

Wazee wa kanisa wakaja nyumbani. Waliomba, na kwa hilo nawashukuru. Lakini wakataka nitoe tunguri zangu zichomwe mbele ya watu, kama ilivyo desturi. Nikasema sina. Wakasema ni pepo ndiye anayekataa. Wakaenda ghalani, wakachimba chini ya mzani wangu, wakatoka na mfupa wa kuku, wakaimba. Mfupa wa kuku, ndugu zangu! Mlangoni pangu kuna mama anakaanga kuku kila siku, vibarua wanakula humo humo ghalani, na panya wa ghala hufukia wanachotaka!

Aliyeukata ule wimbo ni mke wangu, Mama Neema. Aliwaamkia kwa heshima, kisha akauliza, "Wazee wangu, huyo pepo ni wa aina gani, anashika mguu wa kushoto peke yake?"

Wakaaga, wakaondoka na mfupa wao. Kesho yake Mama Neema akanipandisha basi, mimi nagoma kama mtoto, tukaenda hospitali kubwa ya mbali.

Huko wakanilaza ndani ya mashine, wakapiga picha ya kichwa. Aliyeisoma ni profesa mmoja mwanamke, daktari wa picha za ubongo, ambaye pia anafundisha chuo kikuu. Hakuuliza nimelogwa na nani. Aliuliza, "Mzee, hiki kichwa kiligongwa na nini?"

Nikasema hakijagongwa. Mama Neema ndiye aliyekumbuka. Wiki nyingi nyuma, tukipakia mbaazi kule Bonga, niliinuka chini ya bodi ya lori nikajipiga kwenye chuma. Nilijifuta, nikaendelea kupakia. Nani anaacha mzigo kwa sababu ya nundu?

Profesa akatuonyesha. Damu ilikuwa imevuja polepole kati ya fuvu na ubongo, ikausukuma ubongo kando, kama gunia linavyobanwa ukutani na magunia mengine. Wakatoboa, wakaitoa. Mguu ukarudi. Majina yakarudi.

Nilipopata nafuu alikuja kunitazama, nikamuuliza alijuaje. Akanieleza kwamba tangu ujana wake anasoma picha za vichwa vilivyogongwa: vya bodaboda, vya walioanguka kwenye miti, vya wanawake waliopigwa. Wenzake walimcheka, wakamwambia atafute kazi yenye heshima kuliko vichwa vya walevi. Hakuacha. Akaandika, akafundisha, na leo madaktari wa mikoani wanamtumia picha zinazowashinda. Nikampenda bure! Huyo ni mtu wa aina yangu.

Akaomba picha yangu awafundishie wanafunzi wake, akasema jina litafutwa. Nikamwambia, "Jina usifute, Profesa. Liandike kubwa." Akacheka, akasema sheria hairuhusu. Haya. Lakini jueni kwamba kichwa cha darasa la nne sasa kinafundisha chuo kikuu, na watoto wenu wanalipa ada kukitazama.

Niliporudi, mzee mmoja wa kanisa alinifuata taratibu. Alitaka nisimame Jumapili niseme nimefunguliwa kutoka kwenye masharti, ili watu wajengeke. Nikamjibu, "Mzee, nikisema hivyo nitakuwa nimemshukuru shetani kwa mali aliyonipa Mungu." Sikusema, sisemi, na ndiyo maana nimeandika.

Mungu ameniponya, hilo sibishi. Alianza kuniponya zamani sana, siku alipomtia binti yule ukaidi wa kusoma vichwa walivyovidharau wenzake. Mtumainini Mungu wa namna hiyo, ndugu zangu. Ombeni, na mkimaliza kuomba mpelekeni mgonjwa wenu. Nauli ikiwashinda, njooni kwangu Nakwa, nitawapa. Ni pesa safi. Pandeni nayo basi bila woga, na utukufu wote uwe kwa Bwana.