Bi Utepe, Mwenye Tarehe za Wageni Wote, Anakabidhi Funguo

Miaka ishirini na tisa ya kusimama nyuma ya meza ya mapokezi inafika mwisho Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa ya kubadilishana zamu. Mpokezi wetu mkuu, ambaye hoteli nzima inamwita Bi Utepe, anakabidhi funguo. Waliompa dereva wa hoteli kazi ya kuandika wasifu huu wamefanya jambo la akili, maana hakuna mtu aliyemsikia Bi Utepe akifoka mara nyingi kuliko dereva. Na wengi wa wageni waliofokewa, dereva huyohuyo ndiye aliyewawahisha uwanja wa ndege, mara moja akipita njia ya mlimani magurudumu mawili yakiwa hewani. Wasioamini wamuulize mgeni aliyekuwa kiti cha nyuma, kama ameshaanza kuongea.

Bi Utepe alianzia chumba cha kufulia. Alipandishwa mapokezi siku aliyomwambia mgeni mmoja mwenye makelele kwamba shati lake halijapotea, amelivaa. Mgeni alicheka mpaka akakaa chini, na meneja wa wakati ule akaona hapa kuna kipaji.

Jina la Utepe lilikuja baadaye, na lilikuja kwa uchungu. Alikuwepo mzee mmoja aliyekuja kila mwaka kupiga picha vipepeo. Mtu mpole, anatusalimia sote, hadi wafagizi. Mwaka mmoja aliona raha akakaa, akakaa. Siku ya kuondoka dereva alimpeleka uwanjani, na pale afisa wa uhamiaji akafungua pasipoti, akaifunga, akaifungua tena, akamwita mwenzake. Mzee akawaonyesha tarehe kubwa kwenye viza yake, ambayo ilikuwa bado mbele kabisa. Afisa akamwonyesha muhuri mdogo aliogongewa siku ya kuingia. Kwa muhuri ule, mzee alishapitiliza muda kitambo. Dereva alijitosa kumtetea kwa maneno ambayo yangemliza hakimu, akaambiwa arudi kwenye gari lake. Mzee alipigwa marufuku ya miaka kadhaa kuingia nchini, na kwa umri wake miaka hiyo hakuwa nayo. Hatukumwona tena. Picha yake ya kipepeo wa bluu bado iko pale penye ngazi.

Bi Utepe alinuna wiki nzima. Kisha akanunua utepe mwekundu kwa fundi cherehani, na tangu siku hiyo kila mgeni anayefika anaombwa afungue ukurasa wenye muhuri, si ukurasa wa picha tu. Siku zake zikikaribia kwisha, ufunguo wake unafungwa utepe. Ukikabidhiwa ufunguo wenye utepe, hakuna kupanda chumbani kabla hujazungumza na mama.

Mazungumzo yenyewe sote tunayajua kwa moyo, hata yule paka wa jikoni. Viza ina tarehe ya mlango, na kuna tarehe ya kiti. Ile kubwa iliyoandikwa kwenye viza, mara nyingi ni ya mlango: inakuambia siku ya mwisho ya kuingia. Ukishaingia, muda wa kukaa, ndicho kiti chenyewe, unausoma kwenye muhuri, na kama huuelewi muulize afisa hapohapo, kabla hujaondoka dirishani pake. Siku ya kutua nayo ni siku, hata kama ndege imetua ukiwa unasinzia. Siku tisini si miezi mitatu. Kuchungulia nchi jirani na kurudi hakukupi siku mpya mpaka uhamiaji waseme hivyo. Na kama unataka kuongeza muda, nenda ukaombe siku zako zingali hai.

Jambo dogo tu hilo. Lakini wageni, jamani, wageni! Walikuwepo maharusi waliofungua utepe na kuusukia nywele. Alikuwepo bwana wa mazoezi aliyekuwa akipitia dirisha la ghala ili asikutane na mapokezi, mpaka siku tumbo lilipomkwamia pale, na Bi Utepe akaja kumsomea tarehe akiwa nusu ndani, nusu nje. Alikuwepo na yule mama mwenye kofia aliyegonga meza.

"Mimi nimelipia chumba mpaka mwisho wa mwezi!"

"Chumba ni cha hoteli, mama yangu," Bi Utepe akamjibu. "Nchi si ya hoteli."

Kila mmoja anasema atakumbuka, na kila mmoja anasahau. Bi Utepe alikuwa akija kunywa chai jikoni, anaweka kikombe chini kwa kishindo. "Hivi mtu anakumbukaje saa ya masaji, anasahau siku ya kuondoka nchini? Anasahauje?" Mpishi mkuu alikuwa anamsogezea tu sukari.

Hata uongozi haukumwelewa vizuri. Meneja aliyepo, na tunamheshimu, alimwita ofisini akamwambia kila utepe mwekundu ni chumba kitupu. "Mama, unatufukuzia wateja." Bi Utepe akamwambia anawatoa kwa mlango wa mbele ili waweze kurudi kwa mlango huohuo. Meneja akatazama dari. Utepe ukabaki.

Sasa tufike kwenye zawadi, maana habari zimeshazagaa na zimepotoshwa.

Binti wa pekee wa Bi Utepe ni muuguzi nchi za mbali. Amesubiri mtoto miaka mingi, na safari hii ujauzito umekaa, anatarajia kujifungua katikati ya Agosti. Anachotaka ni kimoja, mama yake awepo. Viza ya Bi Utepe ikatoka, ya matembezi, ya kuingia mara moja. Kamati ya kumuaga, yaani mpishi mkuu, mpokezi mpya anayemrithi, na dereva kama mwenyekiti, ikaamua kumkatia tiketi kwa siri. Aondoke kesho yake baada ya sherehe, arudi mwisho wa Septemba, akae na mjukuu mpaka amchoke. Mpishi aliisoma viza kwa sauti, mpokezi mpya akaandika tarehe, mwenyekiti akabariki. Kazi safi.

Tulimkabidhi bahasha jikoni, vifuniko vya masufuria vikigongwa. Akaisoma. Akatoa pasipoti kwenye mkoba. Akasoma tena. Vifuniko vikanyamaza kimoja kimoja.

"Nani kachagua tarehe ya kurudi?"

Watu walimwangalia mpishi. Mpishi akamwangalia mpokezi mpya. Mwenyekiti wakati huo alikuwa nyuma ya friji akikagua waya.

"Mjomba, toka huko," Bi Utepe akasema. "Mwisho wa Septemba mmeutoa wapi?"

"Si imeandikwa hapo kwenye viza?" mpishi akajibu badala yake. "Kubwa kabisa."

Lo! Alifoka. Wazee wa hoteli wanasema hajawahi kufoka vile tangu bwana wa dirishani. Mlango na kiti, mlango na kiti, miaka yote hii anaimba, na jikoni kwake mwenyewe hakuna aliyesikia! Chini ya ile tarehe kubwa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba akiingia atakaa siku thelathini tu. Kwa tiketi yetu angeondoka kule akiwa amepitiliza miezi miwili. Wangemfungia mlango kama walivyomfungia mzee wa vipepeo, na mjukuu angemjua bibi yake kwa simu. Na kama angetii siku zake thelathini, angerudi Julai mwishoni, mtoto bado hajazaliwa.

Mpokezi mpya akaanza kulia. Na hapo ndipo Bi Utepe akavuta kiti, akamketisha, akamuuliza kwa sauti ya taratibu: "Mwanangu, tarehe ya mlango wangu ni lini?"

"Mwisho wa Septemba, mama."

"Basi nani kaniambia niingie kesho yake baada ya sherehe?"

Mpokezi mpya akafuta machozi, akafikiri, akachukua kalenda ya ukutani. Akaweka kidole kwenye siku ya kujifungua, akarudi nyuma wiki moja na ushee, endapo mtoto ana haraka. Hapo ndipo mama aingie, ili siku zake thelathini zimkute mtoto na zimbakize naye. Bi Utepe akafungua utepe kutoka kwenye mkoba wake, akamfunga mrithi wake mkononi. Wasiojua maana ya hilo, hayo ndiyo makabidhiano yenyewe. Ijumaa ni keki tu.

Tiketi imebadilishwa, na Bi Utepe ataondoka mwanzoni mwa Agosti. Dereva ndiye atakayempeleka, magurudumu yote manne chini, kwa amri yake.

Limebaki moja. Juzi alimwita mpokezi mpya na dereva pembeni ya ngazi, chini ya yule kipepeo wa bluu, akasema kwa sauti ambayo hatuijui kwake. "Nikishampakata yule mtoto, nitasahau tarehe. Najijua. Binti yangu ataniambia mama kaa kidogo, na mimi nitakaa. Naomba mnipigie simu." Akaitazama picha ya kipepeo. "Wale wageni nimewasema sana."

Mama yetu, asante kwa kila aliyeondoka hapa kichwa juu na akaweza kurudi. Asante kwa kelele, zilikuwa haki yetu. Nenda ukapakate, ukae raha mustarehe, usahau tarehe zote duniani. Ufunguo wako tumeshautundika pale mapokezi kama wa mgeni, na siku utakapofungwa utepe, simu yako italia. Usipopokea, dereva anakuja mwenyewe.