Reino Kangas, Aliyeitwa Saba

Marehemu Reino Kangas alizaliwa tarehe 9 Machi 1956 mjini Hancock, Michigan, mtoto wa tatu wa mchimba shaba Eino na mkewe Lempi. Alisoma hapa hapa hadi 1974, kisha akasomea upimaji wa moyo mjini Marquette.

Tangu 1991 alipima ugumu wa mishipa katika kliniki yetu. Aliwaeleza wagonjwa kwamba mshipa mkuu ukiwa laini hutanuka moyo unaposukuma, kisha hunywea na kuurudishia moyo damu yake, maana moyo hula ukipumzika. Mshipa ukikakamaa, moyo husukuma kwa nguvu zaidi na kula kidogo. "Ni mpishi anayelala njaa," alikuwa akisema.

Alimwoa Saima Lahti tarehe 14 Juni 1980. Siku hiyo alimshika bibi harusi mkono muda mrefu, wageni wakadhani ni mahaba, kumbe anahesabu mapigo. Mama hajamsamehe mpaka leo. Walijaliwa mtoto mmoja, mimi Aune, niliyefanya kazi naye miaka kumi na miwili.

Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, tuliijaribu mashine kwa kumpima yeye. Mashine hupima kasi ya mpigo mshipani: kadiri mshipa unavyokakamaa ndivyo mpigo unavyokimbia zaidi. Wake ulikimbia mita saba kwa sekunde, miaka nenda miaka rudi, hata tukamwita Saba. Januari hii mashine ikasoma tisa, halafu kumi na moja. Nikamwambia labda amwone daktari.

"Mwanangu, mimi ni saba tangu hujaanza kazi hapa. Ita fundi."

Nikaita fundi. Tukairekebisha mpaka ikakubali saba. Mara mbili, jamani. Mashine haikuwa na kosa lolote.

Pumzi zilipomkatika akizoa theluji, alisema ni uzee. Alhamisi, tarehe 22 Februari 2024, alianguka mlangoni, koleo mkononi. Daktari alituambia moyo ulikosa damu. Bado siamini.

Ameacha mjane Saima, mimi, mjukuu wake Veikko na dada yake Helmi. Ameacha pia watu sitini na mmoja waliopimwa kwa mashine ile tangu tulipoiharibu kwa mikono yetu. Wengine mmeketi humu, nawaona. Nimeirudisha ilivyokuwa. Kesho saa mbili asubuhi mlango utakuwa wazi, njooni mpimwe upya.

Baba apumzike kwa amani. Ninyi msimfuate.