Nani Anaimba Besi Kule Ndani?

Benchi la kijiwe cha Mama Edina, nyuma ya soko la Mbinga pale pikipiki za Matiri zinapopakia abiria, zamani lilikuwa la kanisani. Parokia ilipopata mabenchi mapya, hili la zamani likahamia mtaani pamoja na mbao yake ya kupigia magoti, na mpaka leo wanywaji kahawa wanaegesha viatu vyenye matope juu ya mbao hiyo huku wakisema uongo mtupu. Ncha ya kushoto ni ya Pankras. Ncha ya kulia ni ya Leopold, mwalimu wa kwaya. Tangu Leopold amtoe Pankras kwenye kwaya, muda mfupi kabla ya kurekodi wimbo wa jubilei, wawili hao walikuwa wakisalimiana kwa kikohozi. Kosa la Pankras lilijulikana mji mzima: kuchelewa. Kufika alifika mapema kuliko padri, alichelewa kumaliza. Kwaya nzima ikishafunga mdomo, besi yake bado ilikuwa inatoka. Ndiyo maana wakampa jina la Mkia, na yeye akalibeba kwa kucheka, ingawa siku aliyotolewa hakucheka.

Asubuhi hiyo ya baridi kali, msimu wa kuchuma kahawa, Jerome fundi simu, ambaye kijiweni anaitwa Betri, alikuja na spika yake kwapani. Akaiweka katikati ya benchi.

— Wimbo wa jubilei umetoka. Tulieni.

Wakatulia. Kwaya ikaingia, nene, imejaa, utafikiri parokia tatu zimeunganishwa. Ikafika kwenye mstari wa "Milima ya Matiri inakushangilia." Neno likaisha. Nyuma yake, chini kabisa, sauti nzito ya mwanamume ikabaki kidogo, ikamalizia yenyewe, ikanyamaza.

Pankras aliweka kikombe chini.

— Rudisha hapo, Betri.

Betri akarudisha. Sauti ikabaki tena, palepale.

— Mkia, huyo si wewe? aliuliza Urbani, mtu mzima mwenye jina la Kamati kwa sababu Mbinga haijaunda kamati ambayo yeye hayumo.

— Mimi siku ya kurekodi nilikuwa shambani nachuma. Mama Edina shahidi, nilimpitishia kuni.

— Ulipita, alisema Mama Edina bila kugeuka kutoka kwenye birika lake. Na ulikuwa umenuna.

— Basi hapo kuna mchezo, alisema Kamati.

Kwenye ncha ya kulia, Leopold alikuwa anapuliza kahawa yake kama mtu aliyeko peke yake duniani.

— Nawaambia mimi, Kamati aliendelea. Walikodi watu Songea. Nimeiona gari ya Noah imesimama pale kona, ndani wanaume wanne wamevaa mashati meupe.

— Kila mwenye shati jeupe ni mwanakwaya? Hao walikuwa wanaenda msibani.

— Wanne, Betri! Sauti za kwaya ni ngapi? Nne. Hesabu inakataa wapi?

— Watu wa Songea watajuaje kuchelewa kama Mkia? Huyu hakuna wa kumuiga. Sikilizeni mimi, hizi mashine ndiyo kazi yangu. Walimrekodi kwenye mazoezi, kwa siri. Simu mfukoni, tayari. Halafu wakamtoa. Sauti iko ndani, mwenyewe yuko nje anakunywa kahawa na sisi.

Pankras akageuka taratibu kumtazama Leopold. Wote wakamtazama.

— Mwalimu kanyamaza, alisema Kamati.

— Nakunywa kahawa, alisema Leopold.

— Hata Yuda alikuwa anakula.

Leopold akatikisa kichwa, akaendelea kupuliza kikombe ambacho kilikwisha poa siku nyingi.

— Na kuna jambo lingine, Kamati alishusha sauti, na mtu huyu akishusha sauti ujue uongo unapanda. Ile kompyuta ya studio ikichukua sauti hairudishi. Dada yangu Ottilia kaimba mle siku moja tu, karudi nyumbani hana sauti wiki nzima. Sasa jiulizeni, ile sauti ilibaki wapi?

— Ottilia si alikuwa na mafua? aliuliza Betri.

— Ndivyo walivyomwambia aseme.

Mama Edina alijishika koo.

— Mimi nina la kwangu, alisema Betri, na sikupenda kulisema. Kule parokiani kuna kaseti za zamani, za wakati wa marehemu mzee Bernadi. Yule mzee alikuwa besi, si mnakumbuka? Besi ya kutikisa kioo. Mnafikiri kaseti zile ziko wapi leo?

— Unataka kusema huyo anayebaki nyuma ni marehemu?

— Mtu anayetoka mbali namna hiyo asichelewe?

Hapo kila mmoja alisogeza kikombe chake karibu. Pankras hakuamini habari ya marehemu, lakini ile ya kurekodiwa kwa siri ilimkaa vizuri. Tuseme ukweli, ilimpendeza. Kama wamemuiba, basi walimhitaji. Alikuwa ameshaanza kupanga maneno ya kumwambia Leopold, maneno mazito, ya kuanza na "Sikutegemea kwako", pale Erasmo wa studio alipotokea na begi lake mgongoni. Erasmo ana chumba kimoja karibu na mashine ya kukoboa mahindi, kuta zake amezibandika trei za mayai, na humo ndimo kwaya zote za Namswea, Ukata na Matiri hurekodi nyimbo zao.

— Shikamooni wazee. Mama Edina, nipe ya moto.

— Marahaba, kaa hapa katikati, alisema Kamati. Hapa, tukuone uso. Nani anaimba besi kule ndani?

— Ndani wapi?

— Usituzungushe. Mkia hakuwepo, na Mkia yumo. Sauti ya mtu umeipata wapi?

Erasmo akacheka. Akaona yeye peke yake ndiye anayecheka, akaacha.

— Jamani, mimi sijaiba sauti ya mtu. Walikuja waimbaji saba tu, wengine wote walikuwa mashambani wanachuma kahawa. Saba wakasikika wembamba, kama wanaimba kwenye simu. Nikaweka plagini. Ni kiprogramu kidogo tu, unakibandika kwenye sauti, kina vitufe vitatu, kinainenepesha.

— Inanenepaje bila kula? aliuliza Betri kwa wivu wa fundi.

Erasmo akafungua kompyuta juu ya mapaja. Wakati huohuo mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa wa Nyasa, aliyekuwa anasubiri gari la kurudi Mbamba Bay, akaomba kahawa na kukaa kwenye ile mbao ya kupigia magoti. Jina lake Benadetha. Hakuna aliyemjali.

— Mama Edina, hebu niitie wateja hapa, kama unavyoita kila siku.

— Nikiitoa hiyo sauti, na mimi nabaki nayo?

— Unabaki nayo, mama.

— Betri, wewe shahidi. Kahawa mooto!

Erasmo akabonyeza, na Mama Edina mmoja akaita kutoka kwenye spika.

— Huyo ni mmoja. Nikimnakili mara mbili, tatu, wote wakaita kwa pamoja kabisa, sikilizeni. Bado ni mmoja, ila anapiga kelele. Sasa huyu wa pili namchelewesha kidogo. Huyu wa tatu namtoa kwenye noti kidogo tu. Mmoja kushoto, mmoja kulia.

Wakaita akina Mama Edina, soko zima la akina Mama Edina. Mwanamume wa pikipiki akageuka. Mama Edina wa kweli alifanya ishara ya msalaba, kisha akaomba asikie tena.

— Kwa hiyo watu wakiwa sawasawa kabisa, wanasikika mmoja? aliuliza Pankras.

— Ndiyo, kaka. Unene unatoka kwa yule anayechelewa.

Kijiwe kikamtazama Pankras, kisha kila mmoja akatazama viatu vyake mwenyewe.

— Na besi? Alikuwa nani? aliuliza Kamati.

— Besi alikuwa mmoja tu. Mwalimu mwenyewe, tena kwa kujibana, maana yeye sauti yake ni ya juu.

— Erasmo, alisema Leopold.

— Samahani mwalimu, wameniuliza.

Basi maneno yote mazito ya Pankras yakamwishia mdomoni. Hakuna aliyemuiba. Habari hiyo ilimuuma kuliko siku ile aliyoambiwa asije tena, kwa sababu siku ile alikuwa bado na tumaini kwamba wimbo utapwaya bila yeye. Kumbe kitufe kimetosha.

Lakini Kamati hajawahi kuacha shauri likiwa nusu.

— Subiri. Huyu Mama Edina wa pili hasikiki anachelewa, amejificha. Mbona kwenye wimbo yule anasikika wazi kabisa?

Erasmo akamwangalia Leopold. Leopold akaangalia barabara.

— Kwa kawaida nachelewesha kidogo sana, sikio lisishtuke. Nilifanya hivyo. Mwalimu akasema ongeza. Nikaongeza. Akasema bado. Nikasogeza, nikasogeza, mpaka sauti ikabaki nyuma peupe. Nikamwambia, mwalimu, sasa inasikika kama kosa. Akasema hapohapo, usiguse.

Pikipiki moja ikawashwa, ikaondoka kuelekea Matiri. Benadetha akamaliza kahawa yake, akafuta kikombe kwa ncha ya khanga.

— Samahani, kaka zangu, mimi mgeni, nasikiliza tu. Huyu kaka mlimtoa kwa kuchelewa?

— Ndiyo, alisema Betri.

— Halafu mkakaa na mashine mpaka ikachelewa kama yeye?

— Ee... ndivyo ilivyokwenda.

— Sasa mbona hamkumwita mwenyewe?

Betri akaanza kukagua waya wa spika ambao haukuwa na tatizo lolote. Leopold alipeleka kikombe mdomoni, kilikuwa kitupu. Akamnyooshea Mama Edina, Mama Edina akainamisha birika, yakatoka mashapo ya kahawa tu.

Benadetha akajitwisha ndoo yake, akaaga, gari lake lilikuwa linapiga honi.

Pankras alisubiri. Alimtilia shaka Leopold hata hapo, akifikiri labda atasema neno la kujisafisha mbele ya watu, au atainuka aondoke. Leopold aliinuka kweli. Akazunguka benchi, akaja kusimama upande wa kushoto.

— Jubilei ni Jumapili, alisema. Kompyuta haiji kanisani. Mazoezi ni Alhamisi jioni.

— Unaniita kwa sababu mgeni kakuaibisha.

— Labda.

— Mimi bado nachelewa, mwalimu. Sijabadilika.

— Najua. Leopold akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. Siku ya kurekodi, kila nilipomaliza mstari nilikuwa nasubiri umalizie. Ulikuwa huji.